Kilwa Tatu na Daftari Moja

Ziko Kilwa tatu ambazo kila mwandishi wa barua katika nchi zetu hana budi kuzipambanua. Ya kwanza ni Kilwa ya mwambao wa Tanzania, katika Mkoa wa Lindi, iliyojenga msikiti wake mkuu na kupiga sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya kuja kwa Mreno. Ya pili ni mji wa Kilwa ulioko ukingo wa magharibi wa Ziwa Mweru, katika jimbo la Haut-Katanga la Kongo. Na ya tatu ni kisiwa cha Kilwa, kilichomo ndani ya ziwa hilohilo upande wa kusini, chini ya mamlaka ya Zambia. Barua iliyoandikwa Kilwa bila nyongeza yaweza kwenda katika mojawapo ya hizo tatu, na ile iliyokusudiwa kuvuka maji tu, kutoka Nchelenge, wilaya ya Zambia iliyo ukingoni mwa ziwa, hadi kisiwani, ikaishia zaidi ya kilomita 1,000 mashariki, mikononi mwa mtu asiyeijua habari yake.

Nimeanza na majina haya kwa sababu maudhui ya mazungumzo yetu ya leo ni anwani: jinsi programu za barua pepe zinavyozihifadhi, jinsi ofisi nyingi ziwezavyo kusoma daftari moja lililomo katika seva moja, na kwa nini jambo hili, ambalo aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta walizungumze peke yao, ni jambo la uongozi na la uaminifu, tena lawahusu watu wa Nchelenge kuliko wanavyodhani watu wa miji mikubwa.

Itazameni wilaya ile ya Nchelenge ilivyo. Mbele yake ni ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,100, ambalo Mto Luapula huingia kwa kusini na Mto Luvua hutoka kwa kaskazini penye mji wa Pweto, na mpaka wa dola mbili hupita majini. Kashikishi ipo Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, inayopokea wagonjwa wa pwani yote ya ziwa. Wapo maafisa wa uvuvi. Wapo watafiti wa malaria wa kituo cha Ndola cha utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, washirika wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wa wenzao wa Macha katika Mkoa wa Kusini. Na huko Mantapala, tangu mwanzo wa mwaka 2018, yapo makazi ya wakimbizi waliokimbia machafuko ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokewa kwanza katika kituo cha Kenani, na wengi wao lugha yao ya kila siku ni hii tunayoizungumza sasa. Hawa wote wanahitajiana. Kila tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa hata mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na tangazo lake sharti liwafikie machifu, kamati za vijiji vya wavuvi, wachuuzi wa samaki waitwao pale na chisense, askari wa mpakani, na yapasa wakuu wa ng'ambo ya Kongo walijue pia, kwa kuwa wavu uliotegwa upande mmoja huvua samaki wa pande zote mbili. Kipindupindu kikizuka katika kambi ya wavuvi, daktari wa Kashikishi, mganga wa kituo cha Mantapala na mkuu wa afya wa Mkoa wa Luapula aliyeko Mansa yawapasa wapashane habari siku hiyohiyo, wala hapana wakati wa kuulizana kila mmoja anwani ya mwenziwe ni ipi.

Na anwani hizo hukaa wapi? Kwa desturi iliyoenea katika ofisi zetu, hukaa katika simu ya mtu mmoja, au katika kompyuta ya karani mmoja, ndani ya faili ambalo hakuna mwingine alijuaye. Mtumishi huyo akipewa uhamisho, nasi tunajua jinsi serikali zetu zinavyowahamisha watumishi, huondoka na elimu ya miaka yote aliyokaa pale: nani wa kuandikiwa katika wilaya jirani ya Chiengi, nani hujibu upesi Pweto, ni nani msimamizi wa ghala la dawa. Anayekuja baada yake huanza upya kama kwamba ofisi imefunguliwa jana. Mimi nashikilia kwamba anwani ambayo mtumishi wa umma ameipata katika kazi ya umma ni amana, na amana haiwekwi mfukoni. Mahali pake ni daftari la pamoja, linalobaki pale pale wakuu wajapo na waendapo.

Fikra hii si ngeni kwa Zambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika, Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka kilikuwa kikipeleka na kupokea barua pepe kwa njia ya FidoNet, mtandao uliobuniwa mwaka 1984 na Mmarekani Tom Jennings, ambamo kompyuta moja huipigia nyingine simu kwa saa zilizopangwa, hupakua barua, hupakia nyingine, kisha hukata. Na lango lao la kutokea duniani lilikuwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sasa zingatieni hili: mtandao huo wote ulisimama juu ya orodha moja ya vituo vyake vyote, iliyotolewa upya kila juma, na ili kupunguza gharama ya simu, vituo havikutumiwa orodha nzima bali mabadiliko tu ya juma lile, kila kituo kikayaingiza katika nakala yake. Mwaka 1994 Chuo Kikuu hichohicho kikaanzisha kampuni ya ZAMNET, na Zambia ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara, ukiiacha Afrika Kusini, kuwa na intaneti kamili. Intaneti ilipokuja ilileta kasi kubwa, lakini ile orodha moja inayosomwa na wote haikuja pamoja nayo. Kila mtu akabaki na kidaftari chake.

Wataalamu wa dunia walikwisha kuliona pengo hilo. Mwaka 1988 mashirika ya viwango ya kimataifa yalitoa kanuni za saraka, yaani za daftari la pamoja, ziitwazo X.500, ambazo azma yake ilikuwa kuwaorodhesha watu na ofisi za ulimwengu mzima. Zilikuwa kanuni za hekima kubwa na uzito mkubwa vilevile, hata kompyuta ndogo za mezani zikashindwa kuzibeba. Ndipo Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Steve Kille na Wengyik Yeong, wakatoa mwaka 1993 itifaki nyepesi ya kuisoma saraka hiyo kwa njia za kawaida za intaneti, nayo ndiyo LDAP, ambayo toleo lake la tatu, la mwaka 1997, ndilo linalotumika mpaka leo katika vyuo, hospitali na serikali zisizo na idadi.

Saraka ya namna hii imepangwa kama shajara ya nasaba. Juu kabisa huwekwa nchi au shirika, chini yake idara, chini ya idara ofisi, na chini ya ofisi kadi ya mtu. Na jina kamili la kadi husomwa kwa kupanda, kuanzia kwa mtu mwenyewe kwenda kwa ofisi yake, idara yake, hata shina. Kwa hiyo mganga wa Kilwa aliye chini ya Nchelenge, chini ya Luapula, chini ya Zambia, hawezi asilani kuchanganywa na mganga wa Kilwa aliye chini ya Haut-Katanga, chini ya Kongo, wala na yule wa Lindi, hata wote watatu wakiitwa Juma. Jina fupi laweza kurudiwa mara elfu. Jina kamili halirudiwi katika saraka nzima, na seva hukataa kuandika la pili lililo sawa nalo.

Natuone sasa kinachotendeka karani wa Kashikishi anapoandika barua. Amefungua programu ya Thunderbird, ambayo hutolewa bure na inafaa sana kwa ofisi zenye fedha haba. Ameweka kidole penye mstari wa mpokeaji, akaandika herufi tatu za mwanzo za jina. Katika nukta hiyo programu hufanya kazi mbili. Hutazama kwanza vidaftari vilivyomo ndani ya kompyuta yenyewe, navyo ni viwili: kimoja cha anwani alizoziandika karani kwa hiari yake, na kingine cha anwani zilizojikusanya zenyewe, kwani kila mtu anayeandikiwa barua, programu humhifadhi humo pasipo kuuliza. Kisha, ikiwa imeelekezwa, huipelekea seva swali fupi: nipe kadi zote ambazo jina lake au anwani yake ya barua inaanza kwa herufi hizi. Seva hujibu, nayo programu kwa kawaida hupokea majina yasiyozidi 100, ikayapanga chini ya kidole cha karani ili achague. Kadi zilizotoka kwenye seva hazikuhifadhiwa. Zimeonyeshwa tu, na barua ikiisha kwenda hazimo tena katika kompyuta ile.

Lakini anwani iliyochaguliwa imekwisha kuingia katika kile kidaftari cha pili, na hapa ndipo udhia unapozaliwa. Afisa akihamishwa, msimamizi wa saraka akaibadili kadi yake siku ileile, kompyuta ya karani ingali na anwani ya zamani iliyokusanywa mwaka uliopita, nayo humletea anwani hiyo pamoja na ile mpya, pengine kabla yake. Karani huchagua aliyoizoea. Barua hufika katika kisanduku kisichofunguliwa na mtu, wala hairudi, kwa sababu kisanduku bado kipo. Na daktari wa Kashikishi husubiri jibu la barua ambayo mpokeaji wake hakuiona. Dawa yake ni ndogo, yaani kuizuia programu isikusanye anwani yenyewe katika ofisi iliyo na saraka, na kukifuta kile kidaftari mara kwa mara. Nami nashangaa jinsi ofisi nyingi zinavyotumia fedha kununua seva na kulisahau jambo hili la dakika mbili.

Liko suala la kusoma na kuandika, ambalo huwatatiza wengi. Thunderbird huisoma saraka ya LDAP lakini haiwezi kuiandika: karani akiona kosa katika kadi ya mtu, hana njia ya kulisahihisha akiwa ndani ya barua zake, ni lazima ampelekee habari msimamizi, ambaye hutumia chombo kingine. Wako wanaolalamikia jambo hili, wakasema programu nyingine, kama vile Evolution ya watu wa Linux, huruhusu kuandika. Mimi kwa saraka ya wilaya nzima naona heri ibaki ya kusomwa na wengi na kuandikwa na wachache, maana daftari ambalo kila mpita njia anaweza kulifuta halidumu na usahihi wake hata mwezi mmoja. Kwa kikundi kidogo kinachoaminiana, tuseme wauguzi wa zahanati moja, ipo njia nyingine iitwayo CardDAV, iliyowekwa kanuni zake mwaka 2011, ambayo kila mmoja huwa na nakala yake na kila badiliko hurudi kwenye seva. Nayo ina hila nzuri ya kuzuia watu wawili wasifutiane kazi, kwani kila kadi hubeba alama inayobadilika kila inapoguswa, na anayeleta badiliko akiwa na alama ya zamani hukataliwa mpaka asome upya yaliyoandikwa na mwenzake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo zito kuliko yote kwa pwani ya Mweru, nalo ni majina ya watu. Ziwa lenyewe kwa upande wa Zambia huandikwa Mweru na kwa upande wa Kongo huandikwa Moero, kwa sababu wakoloni wawili walilisikia kwa masikio mawili. Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula, katika vitabu vya Wareno ni Cazembe. Vivyo hivyo na majina ya watu walio hai. Sauti ambayo Zambia huandikwa kwa ch, Kongo iliyofunzwa na Wafaransa na Wabelgiji huandikwa kwa tsh, kama tulionavyo katika jina la Moïse Tshombe aliyetoka huko Katanga. Karani wa Kashikishi akiandika herufi za mwanzo jinsi anavyolisikia jina, seva humjibu kwamba hakuna mtu kama huyo, naye huamini, kwa sababu mashine imesema. Na mtu yupo, kadi yake ipo, imesimama mahali pengine katika mpangilio wa herufi.

Tena kanuni ya saraka hudai kila kadi ya mtu iwe na jina la kawaida na jina la ukoo, na bila hilo la ukoo kadi haipokelewi. Mkongo huandikwa katika hati zake kwa majina matatu, na la ubatizo aghalabu huja mwisho; Mswahili huitwa kwa jina lake na la baba yake na pengine la babu; Mbemba aweza kuwa na jina asiloshirikiana na nduguze wa tumbo moja. Ukoo wa kila mmoja wa hawa ni upi? Mwandishi wa kadi asiye na subira hulichukua la mwisho kwa mazoea ya Kizungu, na hivyo mama wa Pweto akaorodheshwa chini ya jina la mtakatifu alilobatiziwa, mahali ambapo hata watoto wake wasingemtafuta. Alhamdulillahi, wabunifu wa itifaki hii waliacha mlango wazi: kadi moja yaweza kubeba majina mengi ya mtu yuleyule, na utafutaji huyatazama yote. Basi msimamizi na aandike Mweru na Moero, ch na tsh, jina la hati na jina ambalo watu humwitia, yote katika kadi moja. Kazi ya dakika chache kwa kila mtu, na baada yake mtu huyo hupatikana na kila amtafutaye kwa masikio yake mwenyewe. Iko hata nafasi katika kadi, iliyowekwa na kanuni za mwaka 2000, ya kutaja lugha ambayo mwenye kadi hupenda kuandikiwa. Mahali ambapo Kibemba, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili hukutana katika gati moja, sijui nafasi iliyo na faida kuliko hiyo, wala sijui nafasi inayoachwa tupu zaidi yake.

Mtandao hukatika, na umeme hali kadhalika. Hilo lisiwe hoja ya kuikataa saraka. Thunderbird yaweza kuamriwa iteremshe nakala ya saraka nzima na kuitumia wakati seva haifikiki, na Outlook ya ofisi kubwa hufanya hivyo kwa desturi, ikiuliza habari ya mabadiliko takribani mara moja kwa siku, ndiyo maana mtumishi mpya huenda asionekane kwa wenzake mpaka kesho yake. Seva nazo zaweza kuwa mbili, moja Lusaka au Mansa na nyingine palepale wilayani, ya pili ikinakili mabadiliko ya ile ya kwanza kila njia ifunguapo, hesabu ileile ya FidoNet ya kutuma kilichobadilika tu. Wilaya ya mbali ndiyo yenye haki zaidi ya nakala ya karibu.

Imebaki habari ya siri. Nakala inayoteremka katika kompyuta ya kubebeka huibwa pamoja na kompyuta, na mlango wa kawaida wa LDAP, wenye namba 389, hupitisha maneno yote wazi, hata neno la siri, usipofungwa kwa usimbaji. Mwenye kuijenga saraka leo asikubali njia iliyo wazi. Kila nafasi katika kadi huweza kupewa ruhusa yake, anwani ya ofisi isomwe na wote, namba ya simu ya nyumbani isomwe na wawili tu. Lakini kuna mstari ambao siuoni kuwa wa hiari. Saraka ya watumishi wa Mantapala na orodha ya wakimbizi wa Mantapala zisikae katika seva moja, wala zisisomwe na macho yaleyale. Mtumishi ameajiriwa ili apatikane. Mkimbizi aliyevuka maji usiku pengine alikimbia watu ambao wangetoa fedha kujua analala wapi, na jina lake na la kijiji alichotoka, likiwekwa pale karani yeyote awezapo kuliita kwa herufi tatu, limewekwa sokoni. Zambia ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2021, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2022. Sheria hizo ziko, na wasimamizi wazisome kabla ya kuwasha seva.

Kwa wakuu wa ofisi za pwani ya Mweru mnaonisikia, lipo neno moja la kutenda ambalo halihitaji fedha. Kabla ya tarehe 1 Desemba ijayo, kila ofisi na ipate anwani ya cheo isiyofuata mtu, ya mganga mkuu, ya afisa uvuvi, ya msimamizi wa makazi, nayo iandikwe katika kadi na kuunganishwa na yeyote aliyekalia kiti hicho. Ili tangazo la kufungwa kwa uvuvi litakapoandikwa Nchelenge likasomwe Chiengi, na Kilwa ya kisiwani, na Kilwa ya ng'ambo, hata ikiwa wote waliolipokea mwaka uliopita wamekwisha kuhamishwa.